Vyumba viwili, vitatu au vinne: nyumba ipi inaitosha familia yako?

Ukizunguka Wakiso au Mukono, hapa Uganda, utakuta maboma yaliyofika kwenye linta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, yakasimama, majani yameota sebuleni na nondo zimeshika kutu juu ya nguzo. Mara nyingi mchoro ulikuwa wa vyumba vinne au vitano, na mwenye boma bado amepanga vyumba viwili mjini akisubiri pesa ya paa. Wengine wanabanana watu sita kwenye dabo, yaani vyumba viwili vya kupanga vilivyoungana, huku wana ploti tupu, kwa sababu wameambiwa nyumba ndogo ni aibu. Makosa haya mawili yana mzizi mmoja: nafasi ilipimwa kwa macho ya wageni, siyo kwa vitanda.

Basi tuanze na vitanda. Andika majina ya wote wanaolala nyumbani usiku wa kawaida katikati ya muhula, pamoja na dada wa kazi na mpwa aliyekuja kusoma. Kisha andika orodha ya pili ya usiku wa sikukuu, watoto wa bweni wakiwa wamerudi na bibi amekuja kutoka kijijini. Orodha ya kwanza ndiyo inayoamua idadi ya vyumba vya kulala. Ya pili inaamua magodoro ya akiba na mahali pa kuyatandika, basi. Anayejenga kwa orodha ya pili ndiye tunayemkuta kwenye linta.

Kwa kulinganisha, hizi hapa nyumba tano ambazo familia nyingi huchagua kati yake. Maeneo yanajumuisha kuta na korido. Paa limehesabiwa likiwa limetokeza sentimita 60 kila upande, na mwinamo wa kawaida wa mabati.

| Aina | Eneo (m²) | Paa (m²) | Sehemu ya ploti ya futi 50 kwa 100 | Wanaolala bila kubanana |
|---|---|---|---|---|
| Muzigo (chumba kimoja cha kupanga) | 11 | – | – | wawili na mtoto mchanga |
| Dabo | 22–25 | – | – | wanne |
| Vyumba viwili vya kulala | 65 | 93 | 14% | sita |
| Vyumba vitatu | 96 | 131 | 21% | wanane |
| Vyumba vinne | 162 | 210 | 35% | kumi |

Tazama safu ya paa. Kutoka vyumba viwili hadi vitatu unaongeza mita za mraba 38 za bati. Kutoka vitatu hadi vinne unaongeza 79, zaidi ya mara mbili, ilhali umepata chumba kimoja tu. Anayechora vyumba vinne hupanua kila kitu: sebule inakuwa futi 16 kwa 18, chumba cha kulia kinajitenga, korido inarefuka, chumba cha wazazi kinapata kabati la kuingia kwa miguu. Chumba cha nne chenyewe hakina kosa kubwa. Gharama inaletwa na vile vinavyoandamana nacho.

Muzigo hauhitaji maneno mengi. Ni wa kijana, au wa wenzi waliooana juzi, na wanaupenda kwa sababu kodi ni ndogo na kazi iko karibu. UN-Habitat huhesabu kwamba nyumba imebana pale watu zaidi ya watatu wanapolala chumba kimoja, na mwenye kuishi muzigoni hana haja ya kuambiwa hilo na mtu. Kabla ya kulipa, hesabu milango inayotumia choo kimoja, uliza kama una mita yako ya Yaka, ya umeme wa kulipia kabla, au mnachangia, na tazama maji ya mvua yanapita wapi. Nafasi haiongezeki, lakini hayo matatu ndiyo yanayofanya chumba cha futi 10 kwa 12 kikalike au kisikalike.

Dabo ni muzigo uliopata pazia. Chumba cha mbele ni sebule mchana na malazi ya watoto usiku, godoro linakunjwa asubuhi nyuma ya kochi. Kwa wazazi na watoto wawili wadogo inatosha kabisa, na kodi unayookoa inaweza kununua mchanga na kokoto. Inaanza kushindwa kwa sababu mbili. Kwanza, mtoto wa darasa la sita au la saba anahitaji meza na taa baada ya chakula, na chumba hichohicho kina televisheni, wageni na mdogo wake aliyelala. Pili, umri. Kaka na dada wakikaribia miaka kumi hawalali pamoja. Kwa Waislamu ni agizo, kwa wengine ni adabu ya kawaida. Ikiwa mtoto wako mkubwa ana miaka saba na anayemfuata ni wa jinsia nyingine, una miaka mitatu hivi ya kujipanga.

Ukiendelea kupanga, kumbuka Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 haimruhusu mwenye nyumba kuongeza kodi kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kuna watu wanaokimbilia kujenga wakiwa hawajajiandaa kwa hofu ya kodi kupanda ghafla. Dai mkataba wa maandishi, kisha jenga kwa mwendo wako.

Sasa tuje kwenye vipimo vya chumba, maana kabla ya kubishana juu ya idadi ni lazima ujue chumba cha kweli kina ukubwa gani.

Chukua chumba cha wazazi cha futi 10 kwa 10 na kitanda cha 5 kwa 6. Kitanda pamoja na fremu yake kinakula futi sita na nusu za urefu. Weka kabati lenye kina cha futi mbili miguuni: zimebaki futi moja na nusu. Mlango wa kabati haufunguki, na mtu hapiti ila kwa ubavu. Ongeza futi mbili tu, chumba kiwe 10 kwa 12, unapata futi tatu na nusu za kusimama na kuvaa. Ndiyo maana chumba cha 10 kwa 12 ni kipimo cha chini cha wazazi wenye kabati. Kufika 12 kwa 13 ni raha. Kupita 14 kwa 15 unanunua sakafu ya kupiga deki.

Chumba cha watoto cha 10 kwa 10 kinabeba zaidi kuliko watu wanavyodhani. Vitanda viwili vya deka vya futi 3 kwa 6, kimoja kila ukuta, vinaacha njia ya futi nne katikati na kulaza wanne. Masharti yake: dari isishuke chini ya futi tisa, la sivyo mtoto wa juu atapikwa na joto la bati, dirisha liwe ukuta unaotazamana na mlango ili hewa ipite, na kila kitanda kiwe na chandarua chake cha pembe nne, kwa sababu cha duara kinamwacha wa juu au wa chini nje. Meza ya kusomea haitaingia. Iwekwe sebuleni, au kwenye upana wa ziada wa korido.

Halafu kuna futi zinazopotea kimyakimya. Mchoro ukisema chumba ni futi 10 na fundi akapima katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta, bloku za inchi 6 zinakula nusu futi, plasta ya pande zote mbili inakula kama inchi moja. Umebaki na futi 9 na inchi 5, na ule mpango wa deka mbili umeingia mashakani. Andika kwenye makubaliano: vipimo vyote ni vya ndani, baada ya plasta. Na siku ya kupiga kamba usikae mbali. Pima mwenyewe, na uhakikishe pembe ni mraba kwa futi 3, 4 na 5: upande mmoja futi 3, wa pili 4, kamba ya mshazari lazima isome 5.

Uamuzi mgumu uko kati ya vyumba viwili na vitatu.

Nyumba ya viwili tunayoizungumzia ina sebule ya 12 kwa 14, chumba cha wazazi cha 12 kwa 12, cha watoto cha 10 kwa 12, jiko la 8 kwa 10, bafu na choo katika futi 5 kwa 8, na stoo ndogo. Inawatosha wazazi, mtoto mchanga na watoto watatu wa jinsia moja, au wa jinsia zote wakiwa chini ya miaka kumi. Dada wa kazi akilala ndani, umeshafika ukingoni. Nyumba ya vitatu inaongeza chumba kimoja cha 10 kwa 12, choo na bafu vya wazazi, na kona ya kulia chakula inayoungana na sebule, kama futi 12 kwa 20 kwa jumla.

Sensa ya 2024 ilikuta kaya ya Uganda ina watu kati ya wanne na watano kwa wastani, na hesabu hiyo inachukua wote wanaokaa pamoja, ndugu na wafanyakazi wakiwemo. Kwa hiyo vyumba vitatu ni nyumba ya familia ya kawaida yenye watoto wa kike na wa kiume. Kwa familia hiyo si anasa, na pia si hatua ya kukimbia ili kufika vyumba vinne.

Lakini kuna jambo la hapa kwetu linalobadili hesabu: bweni. Watoto wengi wanaoingia sekondari wanakwenda bweni, na mihula mitatu inawaacha nyumbani takriban wiki 15 tu kwa mwaka. Chumba unachomjengea kijana wa miaka 14 kitakaa kitupu muda mrefu kuliko kinavyotumika, kwa miaka sita, na baada ya hapo huenda akahama kabisa. Ubaya ni kwamba nusu hivi ya wiki hizo 15 inaangukia Desemba na Januari, wakati uleule ndugu wanapokuja. Hivyo chumba cha tatu kinafaa kiwe na kazi mbili tangu mchoroni. Njia nzuri kuliko zote ni kukiwekea mlango wake wa nje kuelekea ua, pamoja na wa ndani. Katika muhula analala dada wa kazi au mpwa. Likizo wanalala wavulana. Watoto wakiisha kuondoka unaziba mlango wa ndani kwa bloku, unaongeza choo, umepata chumba cha kupangisha. Tangu 2022 kodi ya pango kwa mtu binafsi ni asilimia 12 ya mapato ya mwaka yanayozidi shilingi 2,820,000, kwa hiyo chumba kimoja kisichopita shilingi 235,000 kwa mwezi, kama ndilo pango lako pekee, kiko chini ya kiwango hicho.

Kwa mwenye pesa ya vyumba viwili na familia ya vyumba vitatu, jibu letu ni moja: chora vitatu, jenga viwili, hamia. Usijenge kuta za vitatu halafu ukasubiri paa. Ukuta usio na paa unanyonya mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba, udongo kati ya tofali unatoka, mbao za linta zinaibwa. Ila kuongeza baadaye kuna adabu zake, na wengi hulipa mara mbili kwa kutozijua.

Omba kibali kwa mchoro wote, nyumba ikiwa kamili, ili kamati ya ujenzi isikuone unaanza upya. Ni matakwa ya Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013 kuwa na kibali kabla ya kuanza. Upande utakaoongezwa uache na ukuta wa pembetatu unaopanda hadi kwenye kofia ya paa. Ukiuezeka kwa mwinamo wa pande nne, utalazimika kubomoa kona nzima ya mbao na bati. Kwenye ukuta huohuo mwaga linta mahali mlango wa baadaye utakapokuwa, kisha jaza bloku chini yake; siku ikifika unatoa bloku, nyumba haitikisiki. Acha bomba la waya limeishia hapo na nafasi tupu kwenye boksi la fyuzi.

Kosa linalouma kuliko yote ni kuchimba shimo la maji machafu upande uleule wa kuongezea, kwa sababu siku ile ndio ulikuwa wazi. Baada ya miaka mitano nafasi ipo, na katikati yake pana shimo. Weka shimo mbele au ubavu wa pili, mahali gari la kunyonya litafika na bomba lake.

Msingi mpya uchimbwe hadi kina cha ule wa zamani. Hata hivyo nyumba ya zamani imeshatulia na mpya itashuka kidogo, kwa hiyo usiunganishe kwa meno ya bloku ukitumaini hakutakuwa na ufa. Acha kiungo kilichonyooka wima, ushike kuta mbili kwa vyuma vyembamba kila baada ya mistari mitatu, na ufunike kiungo kwa ubao. Ufa utakuja pale ulipoutaka. Kwa ukubwa wa kazi: chumba cha 10 kwa 12 kilichoegeshwa kwenye ukuta uliopo kinadai kuta tatu mpya, jumla futi 32. Kwa kimo cha mita 2.7, ukitoa dirisha na mlango wa nje, ni mita za mraba 23 hivi. Bloku za sentimita 40 kwa 20 huenda 12 na nusu kwa kila mita, yaani 290. Nunua 310, za kuvunjika zipo.

Je, vyumba vinne vina mwenyewe? Vinaye. Ni familia yenye watu zaidi ya wanane katika ile orodha ya kwanza, au yenye mzee asiyeweza kushiriki chumba na anayehitaji choo karibu, au mtu anayefanyia kazi nyumbani kila siku. Ploti ya futi 50 kwa 100 inaibeba, lakini hesabu na vingine: gari moja mita 2.5 kwa 5, shimo la maji machafu, tanki, kamba za nguo, jiko la nje, na umbali kutoka mpakani ambao ofisa mipango atakuambia. Migomba haitapata nafasi. Kwenye kiploti cha 25 kwa 50 utasukumwa kwenda ghorofa, na hapo ujue ngazi ya kukunja yenye upana wa mita moja inakula mita 7 za mraba chini na nyingine 7 juu. Kwa pamoja ni zaidi ya chumba cha 10 kwa 12 ambacho halali mtu.

Sababu isiyokubalika ni wageni. Kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wakwe), matanga, ubatizo, maulidi, yote yanafanyika uani chini ya hema na viti vya kukodi. Watu 60 hawaingii kwenye sebule ya 16 kwa 18, wala hawaingii kwenye ya 12 kwa 14. Tofauti yake siku hiyo ni sifuri. Sebule ijengwe kwa watu wanaotazama habari za saa tatu usiku. Makochi yenye kina cha futi tatu kwenye kuta mbili zinazotazamana za sebule ya futi 12 yanaacha futi sita katikati, meza ndogo inakaa na mtu anapita. Kama seti yako ni ile ya viti saba vyenye mikono minene, badilisha seti. Ni rahisi kuliko kubadilisha msingi.

Korido nayo ikaguliwe. Futi 3 kwa 20 ni futi za mraba 60, nusu ya chumba cha kulala. Mchoro mzuri wa vyumba vitatu una korido fupi ya futi nane au kumi, milango yote ikiizunguka.

Pa kuongeza nafasi bila kujuta ni nje. Matooke hupikwa kwa mvuke saa nyingi, na sigiri ya mkaa ndani ya jiko dogo inatoa moshi na hewa ya sumu isiyo na harufu. Jiko la ndani la 8 kwa 10 linatosha kwa gesi, chai na kuosha vyombo. Jiko la nje la 8 kwa 8, lenye kuta tatu, bati juu na kona kavu ya gunia la mkaa, linafanya kazi kubwa kwa sehemu ndogo ya gharama, kwa kuwa halihitaji dari, vigae wala madirisha ya kioo. Sigiri isiingizwe chumbani usiku hata mvua inyeshe vipi.

Baraza yenye upana wa futi nne ni pambo. Viti vikikaa, hakuna njia. Ya futi saba ni chumba. Arua au Gulu, ambako joto la mchana linawatoa watu ndani, baraza hiyo upande wa mashariki ndiyo sebule ya alasiri, na unaweza kupunguza ile ya ndani bila mtu kulalamika. Kabale ni kinyume: jioni ni baridi, baraza inabaki tupu, watu wote wako ndani tangu saa moja. Huko ongeza futi mbili kwenye sebule, punguza dari hadi futi nane na nusu, na baraza iwe ya kufutia viatu tu.

Kabla ya kumlipa mchoraji, nunua kilo mbili za chokaa. Chora vyumba juu ya ardhi kwa vipimo vya ndani, vitanda na makabati yakiwemo, acha mapengo ya milango, kisha waite wote walio kwenye orodha ya kwanza waingie, kila mmoja asimame kwenye kitanda chake. Ardhi tupu hufanya chumba kionekane kidogo kuliko kitakavyokuwa, kwa hiyo usipanue kitu siku hiyo. Pima kwa futi kamba kati ya kitanda na kabati, na kama ni futi mbili na nusu au zaidi, acha kilivyo.